Masasi au Newala: kabla sijalipia kiwanja

Dalali wa Masasi alinipeleka kwenye kiwanja chenye miembe mitatu. "Kaka, hapa njia panda. Mtwara, Tunduru, Newala, kote unafika." Nikakaribia kulipa. Ila sisi waandishi tuna ugonjwa wa kuuliza: nani alipachagua hapa kabla yangu?

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitoka Zanzibar na watu waliokombolewa utumwani. Wakapapenda Masasi, wakajenga: ardhi nzuri, njia ya misafara jirani. Lakini njia haichagui mgeni. Mwaka 1882 Wangoni walifika, wakachoma misheni na kuchukua mateka. Baadaye kituo kikahamishiwa Newala, juu ya uwanda wa Makonde.

Juu kuna usalama na upepo mzuri, ila maji yako bondeni. Vizazi vya wanawake vilishuka na kupanda na mitungi kichwani, hadi mradi wa maji wa Makonde ulipoanza miaka ya 1950.

Ndiyo maana shangazi yangu wa Newala, ukimsifia nyumba, haulizi lami. Nikamrudia dalali na swali lake: "Bomba linatoa maji siku ngapi kwa wiki?"

Akaanza tena kunionyesha miembe.