Rangi Isiyokaa Kwenye Chupa

Picha yangu ya kwanza ya mjusi wa Kisiwa cha Saanane ni picha ya jiwe. Mjusi alishaondoka. Tulikuwa watu wanane kwenye mafunzo ya siku moja ya kupiga picha za viumbe, tumevuka na boti asubuhi kutoka Capri Point, na mwalimu alishatuambia: zimeni simu, kaeni chini, subirini. Mimi ni mwandishi wa habari. Nimezoea mheshimiwa anayesimama, unampiga, unaondoka. Mjusi si mheshimiwa.

Baadaye dume akarudi, kichwa na mabega ya waridi iliyokolea, mwili wa buluu. Wataalamu wanamwita Agama mwanzae. Jina la mji wetu limo humo ndani. Lakini jua lilikuwa limepanda, na kwenye picha zangu rangi zote zilipauka. Mwalimu hakunipa somo refu. Alinishika bega, akanisogeza hatua tatu mpaka jua likawa mgongoni kwangu, akaniambia nipunguze mwanga unaoingia kwenye kamera. Nikapiga tena. Waridi ikatokea.

Hatua tatu tu! Nikarudi nyumbani nikijiuliza ni nani waliowahi kuhangaika na mwanga huu kabla yangu.

John Hanning Speke aliliona ziwa upande huu wa Mwanza Agosti 3, 1858. Aliporudi Afrika Mashariki mwaka 1860, safari hii pamoja na James Grant, walibeba kamera. Enzi hizo picha ilitengenezwa kwenye kioo kilichopakwa dawa, na mpiga picha alilazimika kuandaa na kusafisha vioo vyake gizani, ndani ya kahema kadogo, palepale porini. Joto la mle ndani lilikuwa balaa. Speke aliona kwamba lingemuua mwenzake, akaamua kamera irudishwe Zanzibar. Grant akabaki na penseli na rangi za maji. Yaani kamera ilishindwa na jua kabla haijafika ziwani.

Miaka arobaini na kitu baadaye Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga wanyama usiku kwa mwako wa taa katika nyika za Wamasai, akatoa kitabu chake mwaka 1905. Simba alimvutia kwa chambo hai, na mzigo wa vifaa ulikwenda kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Huwa nawafikiria wapagazi hao. Walijua njia na maji yalipo, na waliona makosa yote ya tajiri wao usiku baada ya usiku. Hayo nayo ni mafunzo kwa vitendo, ila hakuna aliyewapa kamera.

Hadithi inayotuuma zaidi watu wa Mwanza, hata hivyo, ni ya samaki. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuchunguza furu katika Ghuba ya Mwanza. Ziwa zima lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na mara nyingi kinachotofautisha madume wa aina mbili zinazokaribiana ni rangi tu. Tatizo ni kwamba ukimtia furu kwenye chupa ya dawa, rangi inakwenda. Umbo linabaki, meno yanabaki, wekundu unapotea. Kwa hiyo rangi lazima inaswe mapema, samaki akiwa bado hai au ametoka majini sasa hivi.

Mmoja wao alipewa jina mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu Nyerere alipong'atuka. Leo anaitwa Pundamilia nyererei. Dume ana mgongo mwekundu, ubavu wa manjano na milia myeusi. Ndiyo, Mwalimu yumo ziwani.

Miaka hiyohiyo sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, alifurika katika ghuba yetu na kuwamaliza furu. Inakadiriwa aina kama 200 zilitoweka, nyingine kabla hata ya kupewa jina. Kisha maji yenyewe yakachafuka. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakiwa na tope, jike haoni vizuri rangi ya dume, anashindwa kumchagua wa aina yake, na aina mbili zinaanza kuchanganyikana. Mwanga ukififia, viumbe wenyewe wanafifia. Mwalimu wetu pale Saanane alikuwa akinifundisha jambo hilohilo kwa hatua tatu.

Mama mkubwa wangu alikulia Nyegezi na amekula furu wa kila namna. Nilimuuliza walikuwa na rangi gani. Akasema, mwanangu, walikuwa wengi, wengine wekundu, wengine kama moshi. Akanyamaza, akijaribu kukumbuka. Nyumbani kwao hakukuwa na picha hata moja. Furu wengi waliokusanywa na wale watafiti wako kwenye chupa huko Leiden, wamehifadhiwa vizuri, bila rangi.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema mafunzo haya ni starehe ya watalii. Saanane ilifunguliwa mwaka 1964 kama bustani ya kwanza ya wanyama nchini, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na iko hatua chache kutoka mjini. Kijana wa Kirumba au Igogo anaweza kujifunzia pale, hata kwa kamera ya kuazima. Anachohitaji ni mtu wa kumsogeza aone mwanga unatokea wapi.

Kabla ya boti kuturudisha, mwalimu alitutaka tuandike kwa kila picha mahali, tarehe na saa. Nilitaka kuifuta ile ya jiwe. Akakataa, akasema niandike kwamba mjusi alikuwepo hapo saa nne kasoro. Nikaandika.