Kufika si Kufikia: Istilahi ya Ufikiaji na Folda Inayogoma

Muulize msafiri wa Mombasa, "Utafikia wapi?" Hatakujibu kwamba atafikia stendi, ingawa basi litamshusha huko. Atataja nyumba ya shangazi, ya rafiki, au gesti. Kufika ni habari ya njia. Kufikia ni habari ya kupokewa. Istilahi "ufikiaji", iliyoenea siku hizi kwenye programu za Kiswahili kwa maana ya kuweza kuingia katika mfumo na kutumia kilichomo, imezaliwa na kitenzi hiki cha pili. Wapo wanaoiona nzito na kupendelea "ruhusa" peke yake. Mimi naitetea, kwa sababu ukiielewa vizuri unajua pa kutafuta hitilafu folda inapogoma kufunguka.

Chukua seva ya hifadhi ya nyumbani: kiboksi chenye diski mbili, au kompyuta ya zamani iliyotiwa Linux na Samba, ambamo familia huweka picha na nyaraka zake. Ndani yake kuna folda ya pamoja. (Nasema "ya pamoja" kwa makusudi, "folda iliyoshirikiwa" ni Kiswahili cha mashine.) Siku moja kompyuta ya Windows inashindwa kuifungua, na wengi hukimbilia kuzima ruta na kuiwasha. Wangesoma ujumbe kwanza. Ukiambiwa kwamba njia ya mtandao haikupatikana, hitilafu ambayo Windows huipa namba 0x80070035, basi seva haifikiki. Ukiambiwa kwamba ufikiaji umekataliwa, seva umeshaipata: imekusikia, imekuangalia, imekukatalia. Ruta haina kosa.

Seva isipofikika, andika anwani yake ya namba badala ya jina, mfano \\192.168.1.20, kwenye upau wa anwani wa File Explorer. Ikifunguka, mtandao ni mzima na tatizo liko kwenye majina. Hili lina historia. Zamani kompyuta zilijiorodhesha kwenye dirisha la Mtandao kwa mbinu zilizoegemea toleo la kwanza la SMB, itifaki ambayo Windows hutumia kugawana faili. Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilisambaa duniani kwa kupenya udhaifu wa toleo hilo, na mwaka huohuo Windows 10 ikaanza kusakinishwa bila toleo hilo. Samba, programu huria ya kugawana faili kwa SMB aliyoianzisha Andrew Tridgell huko Canberra, ikalizima katika toleo lake la 4.11 mwaka 2019. Ndiyo maana seva nyingi huonekana zimetoweka ilhali zipo na zinafanya kazi. Wanaoshauri kulirudisha toleo la kwanza ili orodha ionekane tena wanashauri vibaya, anwani inatosha. Anwani nayo ikigoma, tazama kama kompyuta imejiunga na Wi-Fi ya wageni, ambayo ruta nyingi huitenga na vifaa vingine vya nyumbani, au kama ngome (firewall) ya seva imefunga poti 445, ambayo SMB huitumia.

Ukishafika, seva ina maswali mawili, na hapo ndipo Kiswahili chetu cha kompyuta huchanganya mambo. Wewe ni nani? Huo ni uthibitishaji. Unaruhusiwa kufanya nini? Hiyo ni idhini. Mara nyingi mtumiaji hukutana na neno moja tu, "umekataliwa", asijue ni swali lipi lililomwangusha.

Swali la kwanza huangusha watu wengi wasiotarajia. Windows haisubiri kukuuliza jina. Kwanza hujaribu kimyakimya kwa jina na nywila ulizoingilia kwenye kompyuta, ambazo seva huenda haijawahi kuzisikia. Wengine huandika PIN wanayofungulia kompyuta, na PIN hiyo haina maana nje ya kifaa chenyewe. Kwenye Linux kuna mtego mwingine: Samba huhifadhi nywila zake kando na zile za mfumo, kwa hiyo mtu mwenye akaunti halali ya Linux bado hatambuliwi mpaka msimamizi amwongeze kwa amri ya smbpasswd -a. Halafu kuna hitilafu namba 1219. Windows haikubali mtumiaji mmoja aunganishwe na seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja, hivyo ukiwa umeshafungua folda ya muziki kwa jina la mama, huwezi kufungua folda ya hesabu kwa jina lako. Amri net use * /delete hukata miunganisho yote ili uanze upya, na nywila ya zamani iliyohifadhiwa huondolewa kwenye Credential Manager.

Mbaya zaidi ni kupokewa usivyodhani. Samba ikiwekewa mpangilio wa map to guest = Bad User, mtu aliyekosea jina hafukuzwi; huingizwa kama mgeni. Ataiona folda, pengine atasoma, lakini hataandika chochote, na ataapa kwamba ameingia kwa jina lake. Windows mpya zinaukataa ugeni huu: Windows 11 Pro ya toleo la 24H2 haiingii kama mgeni kwa mpangilio wake wa kawaida. Folda iliyokuwa wazi kwa wote nyumbani hufungwa baada ya kusasisha, na lawama huenda kwa seva. Dawa ni kumpa kila mtu akaunti yake.

Swali la pili ndilo la ruhusa. Wapo wanaoandika "haki za ufikiaji", lakini haki huzaliwa na mtu au hulindwa na sheria. Kinachotolewa na kuondolewa kwa kubofya ni ruhusa. Nazo ziko tabaka mbili. Tabaka la juu ni la folda ya pamoja yenyewe, ambapo msimamizi huandika read only = no. Tabaka la chini ni la mfumo wa faili kwenye diski. Kali kati ya mbili ndiyo hushinda, hivyo folda inayoruhusu kuandika huku juu lakini iliyoundwa na root, msimamizi mkuu wa Linux, kwa ruhusa 755 (mwenyewe tu ndiye huandika) huko chini haitapokea hata faili moja kutoka kwa watoto.

Tabaka hilo la chini lina istilahi moja inayopotosha. Linux huonyesha ruhusa kwa herufi r, w na x, na x hufasiriwa "tekeleza". Kwenye faili la programu ni sawa. Kwenye folda, x ni ruhusa ya kupita kwenda kilichomo, na "kupita" ndilo neno ningelitumia. Tofauti hii si ya wanaisimu tu. Kwenye Ubuntu, diski ya nje ya USB hupachikwa yenyewe chini ya /media/ ikifuatiwa na jina la aliyeingia, na folda hiyo ya jina hupitika na yeye peke yake. Unaweza kuifungua folda ya picha kwa chmod 777, jambo ambalo silipendi kabisa, na bado wengine wakakwama hatua moja kabla yake. Diski ikiwa ya exFAT, chmod haitabadilisha kitu, kwa kuwa mfumo huo wa faili hauhifadhi ruhusa za aina hiyo. Mmiliki wa faili zake huamuliwa wakati wa kuipachika.

Yote yakishakaa sawa, jaribu kuandika faili kwa akaunti moja na kulihariri kwa nyingine. Huenda uhariri ukagoma: kwa kawaida Samba hulipa faili jipya ruhusa zisizozidi 0744, yaani aliyeliunda huandika na wengine husoma tu. Waweke wanafamilia kwenye kundi moja, folda iwe ya kundi hilo kwa chmod 2770, na kwenye smb.conf, faili la mipangilio ya Samba, uongeze create mask = 0660 na directory mask = 2770.