Viatu Vipandavyo Mlimani

Milima ya Uluguru ilipandwa na watu wengi kabla ya kuja wenye viatu. Wazaramo walitoka mbali kwenda Kolelo kuomba mvua, na Waluguru wenyewe, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, walilima mabondeni na miteremkoni. Mwaka 1909 Wajerumani waliitenga sehemu ya misitu hiyo. Mwaka 2008 ikaunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Humo wamo vyura wa jamii ya Nectophrynoides, ambao hawatagi mayai bali huzaa watoto.

Jamii hiyo ndiyo iliyotupa fundisho huko Kihansi, mpakani mwa mikoa ya Morogoro na Iringa. Mwaka 1996 aligunduliwa huko chura mdogo wa manjano, aishiye katika manyunyu ya maporomoko tu. Bwawa la umeme lilipoyapunguza maji, vyura 499 walipelekwa Marekani mwaka 2000 wakatunzwe. Waliobaki walinyunyiziwa maji kwa mabomba, wakaongezeka. Lakini mwaka 2003 wakafa ghafla karibu wote. Katika mizoga ilionekana kuvu iitwayo kitridi, iletayo maradhi ya ngozi yaliyokwisha kuangamiza vyura wa mabara mengine. Wataalamu wengine waliyalaumu pia maji ya bwawa yaliyofunguliwa. Hata hivyo, kuvu hiyo husafiri katika maji na matope, na matope hayaombi ruhusa ya kupanda kiatuni. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa hayupo tena porini.

Apandaye Lupanga au Bondwa, awe mwanafunzi, mtafiti au fundi wa minara, huenda jana alikanyaga tope la bonde jingine. Yampasa apige viatu brashi, atoe mbegu zilizonasa katika soksi, kisha avitie dawa na kuvikausha. Lakini walimu wakumbuke habari ya ngazi. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Nia yaweza kuwa njema. Wenye mashamba hawakusikilizwa, kazi ikawalemea, na mwaka 1955 ghasia zikazuka, mpango ukaachwa. Amri ya viatu nayo, ikitolewa bila maelezo, itaonekana usumbufu wa mabwana misitu tu.

Kihansi maelezo ni rahisi, kwa kuwa hasara ilikwisha kuonekana. Vyura walianza kurudishwa mwaka 2012, na mtu aingiaye bondeni kwao hutia viatu dawa kwanza.