Karatasi Inayotambua Ugonjwa

Somo la leo ni historia ya kipande kidogo ambacho wengi wenu mmekiona zahanati. Muuguzi hudunga kidole, hudondosha tone la damu juu yake, nanyi mnangoja kuona kama mstari utatokea. Je, kipande hicho hujuaje kwamba mtu ana malaria? Ili tupate jibu, tuanze mbali kidogo.

Zamani tabibu aliyetaka kujua kama mtu ana kisukari aliuonja mkojo wake. Thomas Willis, tabibu Mwingereza, aliandika juu ya utamu wa mkojo huo mwaka 1674. Mwaka 1908 Mmarekani Stanley Benedict alieleza dawa ya maji yenye shaba. Mkojo wenye sukari ukichemshwa pamoja na dawa hiyo, rangi yake ya buluu hubadilika. Lakini kazi hiyo ilitaka moto, vyombo vya kioo na mtu aliyefundishwa.

Sasa tutazame karatasi. Karatasi ni selulosi, yaani nyuzi zile zilizomo katika miti na pamba. Mfaransa Anselme Payen aliitenga mwaka 1838. Selulosi si ghali, tena hunyonya maji yenyewe, kama utambi unyonyavyo mafuta ya taa. Lakini peke yake haiwezi kutambua ugonjwa. Wenye uwezo huo ni protini, kama vimeng'enya na kingamwili. Kila protini ya namna hiyo hushika kitu chake maalum, kama kufuli na ufunguo wake. Basi swali lilikuwa hili: protini itashikizwaje juu ya selulosi bila kuharibika?

Njia ya kwanza ni kuloweka na kukausha. Huko Elkhart, Marekani, Alfred Free na mkewe Helen, wataalamu wa Miles Laboratories, walitia vimeng'enya viwili na dawa ya rangi katika karatasi ya kuchujia. Mwaka 1956 karatasi hiyo ilianza kuuzwa. Mgonjwa aliichovya katika mkojo wake. Ikigeuka buluu, sukari imo. Moto haukuhitajiwa tena, na mgonjwa aliweza kujipima nyumbani.

Njia ya pili ni kufunga kwa kemikali. Mwaka 1951 wataalamu wa California walikuwa wameifunga protini kwenye selulosi kwa nguvu, hata maji yasiiondoe, wakaitumia kunasa kingamwili. Leo wataalamu hutandaza selulosi iwe utando mwembamba kuliko unywele, kisha huzifunga protini juu yake kwa njia za namna hiyo.

Njia ya tatu ndiyo ya kipimo chetu cha malaria. Selulosi ikitiwa asidi ya naitriki hubadilika, na protini huigandia bila kufungwa. Juu ya utando huo huchorwa mstari wa kingamwili usioonekana. Damu hutiririka pamoja na kingamwili nyingine zenye rangi. Ikiwa mna protini ya vimelea vya malaria, hunaswa pale mstarini pamoja na rangi, na mstari huonekana.

Faida yake ni kubwa. Zamani, katika sehemu nyingi za Afrika, kila mtoto mwenye homa alipewa dawa ya malaria. Mwenye nimonia naye alipewa hiyo hiyo, na ugonjwa wake ukazidi. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza, popote kipimo kinapopatikana.

Lakini kumbukeni jambo moja. Ute wa yai ni protini. Ukiisha kupikwa haurudi kuwa kama mwanzo. Protini za kipimo nazo huharibiwa na joto na unyevu. Kwa hiyo kisiwekwe juani, na pakiti isifunguliwe kabla ya saa ya kupima. Tena, katika Eritrea na Ethiopia wamepatikana vimelea wasiotoa protini ile inayotafutwa na vipimo vingi. Mstari usipotokea na homa ikaendelea, mrudisheni mgonjwa kwa mganga.

MASWALI
1. Selulosi hupatikana katika vitu gani?
2. Taja njia tatu za kushikiza protini.
3. Kwa nini pakiti ya kipimo isifunguliwe mapema?