Rachel Carson: Mwandishi aliyewafumbua watu macho kuhusu DDT

Shuleni nilifundishwa kuwa dawa ya wadudu ni rafiki wa mkulima, basi. Ikishaua mdudu inaelekea wapi? Hilo sikuambiwa. Nimelijua baada ya kusoma habari za mama mmoja wa Marekani, Rachel Carson (1907-1964).

Huyu mama alikuwa mwanabiolojia. Juni 1962 jarida la The New Yorker lilianza kuchapa sehemu za kitabu chake, Silent Spring. Septemba kitabu chenyewe kikatoka.

Enzi hizo DDT ilionekana mkombozi. Paul Müller wa Uswisi aligundua mwaka 1939 kwamba inaua wadudu, akapata Tuzo ya Nobel 1948. Tatizo ni kwamba haiozi upesi, halafu inajikusanya kwenye mafuta ya mwili. Kule Michigan miti ilipuliziwa DDT. Majani yakadondoka, nyungunyungu wakayala, ndege wakala nyungunyungu, wakafa.

Sasa hapa ndipo penyewe: Carson hakuyagundua haya yeye. Wanasayansi walishaandika, ila kwenye ripoti wanazosomana wenyewe kwa wenyewe. Yeye alizikusanya, akazieleza kwa lugha ya mtu wa kawaida. Moto ukawaka! Makampuni ya kemikali yakamshambulia, huku mwenyewe anaumwa saratani na hasemi hadharani. Mei 1963 kamati ya sayansi ya Rais Kennedy ikatoa ripoti iliyomuunga mkono.

Alifariki Aprili 1964, hakuyaona matunda. Marekani ilipiga marufuku matumizi mengi ya DDT mwaka 1972. Tai wao, ambaye mayai yake yalikuwa yanavunjika kwa maganda kuwa membamba, aliondolewa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini 2007.

Wapo wanaosema alitaka dawa zote zifutwe. Si kweli. Alipinga kuzimwaga ovyo bila kujua madhara. Hata Mkataba wa Stockholm wa 2001 unaruhusu DDT dhidi ya mbu wa malaria.

Juzi nilimsomea mzee wangu lebo ya dawa anayopulizia nyanya. Kiingereza kitupu, na ameitumia miaka! Nilipofika penye onyo la kutomwaga karibu na mto, akanyamaza. Chupa huwa anazisuuzia mtoni.

Ukweli upo, wadau, ila nani anatuandikia kwa lugha yetu? Nyie mnasemaje?