Laptopu ya laki nne, na historia iliyoileta mpaka Nkoaranga

Nimepotea kidogo, mnisamehe, wiki mbili nilikuwa nyumbani Nkoaranga. Mdogo wangu anaanza mwaka wa kwanza, na jioni moja mama aliniita jikoni akanionyesha laki nne taslimu, hela ya kahawa na ya ndama aliyeuzwa. Akasema: "Mtafutie mwenzio kompyuta, na isiwe kama ile yako." Kauli fupi lakini iliniuma, maana ni kweli. Ile yangu nitaisimulia hapo chini.

Sasa mimi si mnajua nasoma historia. Badala ya kukimbilia mjini nikaanza kujiuliza hii bei ya laki nne imetoka wapi. Nani aliamua kwamba mtoto wa mkulima wa Meru anaweza kuwa na kompyuta yake mwenyewe hosteli?

Serikali yetu haikuanza huko. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, enzi hizo kompyuta ni dude la kujaza chumba. Mradi wa kuzitumia kwenye hesabu za serikali ukakwama ukala hela nyingi, fedha za kigeni nazo zilikuwa haba, na mwaka 1974 ikapigwa marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini bila kibali maalumu. (Wenzetu Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, sisi bara tukasubiri mpaka 1994!) Hata neno lililotumika zamani lilikuwa ngamizi. Ukilisikia tu unawaza kuangamiza, unakimbia.

Marufuku ile ililegea polepole, na mwaka 2003 ikatoka Sera ya Taifa ya Tehama, yaani serikali ile ile sasa inataka kila mtu aguse kompyuta. Bodi ya Mikopo ikaanza kazi 2005, boom likawepo. Lakini laptopu mpya bado ilikuwa bei ya ng'ombe wawili watatu. Waliosoma miaka ile wanawakumbuka dada wa steshenari waliokuwa wanachapa asaimenti kwa ukurasa, na flashi ikirudi ina virusi kuliko kazi yenyewe.

Hapo ndipo ikaja ahadi kubwa. Novemba 2005, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa mjini Tunis, Nicholas Negroponte wa Marekani alisimama na Kofi Annan wakaonyesha laptopu ya kijani yenye mkono wa kuzungushia umeme. Dola 100 tu, wakasema, kwa watoto wa nchi maskini. Ilipoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 2007 ilikuwa karibu dola 188, na ule mkono wa kuzungusha haukuwepo tena. Tena haikuuzwa dukani. Ilikuwa serikali inunue kwa maelfu iwagawie watoto wa shule za msingi. Rwanda walichukua zaidi ya 100,000. Mwanachuo wa Arusha mwenye boom lake mkononi hakuwa kwenye hesabu kabisa.

Ila lile wazo liliwashtua wenye viwanda. Mwisho wa 2007 Asus wakatoa Eee PC, kioo cha inchi 7, nafasi ya GB 4, na baada yake kila kampuni ikaleta kilaptopu chake. Vidogo mpaka vidole vinagombana, lakini mtu binafsi aliweza kuvinunua. Kenya nao mwaka 2010 walijaribu njia nyingine, mpango wa Wezesha, mwanafunzi wa chuo kikuu anapewa vocha ya kupunguza bei ya laptopu.

Kwa maoni yangu lakini, si Negroponte wala Asus aliyetufikisha hapa. Ni mtumba. Ofisi ya Uingereza au Marekani inabadilisha laptopu zake zote kila baada ya miaka michache, zile za zamani zinafutwa, zinapakiwa, nyingi zinapitia Dubai, mwisho zinakaa juu ya meza ya chalii mmoja Arusha mjini. Ni hadithi ile ile ya masweta ya soko la Tengeru. Uganda waliogopa taka, mwaka 2009 wakazipiga marufuku kompyuta zilizotumika. Hofu yao naielewa, maana zikifa zinafia kwetu. Lakini bila mtumba nusu ya darasa letu wangekuwa wanaandikia kwenye simu.

Na sasa ile yangu. Niliogopa mtumba, nikanunua mpya, inang'aa, na plastiki yake juu. GB 64 zimeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao wa ndani, RAM GB 4 haiongezeki. Mwaka wa kwanza haujaisha Windows imekula nafasi yote. Mwaka wa pili ikazima moja kwa moja, na kwa kuwa hakuna diski ya kuchomoa, fundi akanirudishia mikono mitupu. Sura mbili za utafiti wangu zilikuwa humo. Niliponea chupuchupu kupata sapu.

Kwa hiyo mdogo wangu anachukua mtumba wa ofisi, ThinkPad au Latitude, ile unayoweza kufungua kwa bisibisi ukabadilisha RAM, diski na betri. Na bahati imemwangukia. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu wao haikubali prosesa nyingi za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8. Mashine nzima kabisa za kizazi cha 6 na 7 ofisi za nje hazizitaki tena. Ukiambiwa "hii ina Windows 11 kaka", uliza kizazi kwanza. Mimi nataka cha 8. Tukikosa, tunachukua cha 7 chenye SSD, tunaweka Linux, chenji inanunua betri.

Mengine ni ya kuangalia pale pale: chomoa chaja uone betri inakaa dakika ngapi, bonyeza vitufe vyote, izime uiwashe uone kama haiulizi nywila ya mwajiri wa zamani huko ughaibuni. Ikiuliza, iache hapo hapo mezani.

Jumamosi saa mbili asubuhi tunapanda gari. Laki nne nimemwachia mama azishike mwenyewe, maana amesema naye anakuja, anataka aione ikiwaka kwanza.