Waya, utumbo wa kondoo na nailoni: kwa nini gitaa la kwaya liling'oka daraja

KALEMIE – Mwezi uliopita kwaya moja ya familia zilizokimbia vita, ambayo inafanya mazoezi chini ya mwembe kando ya kanisa, ilipewa zawadi ya gitaa. Gitaa zuri, la mbao nyepesi, lenye shingo pana na nyuzi tatu nyembamba zinazopitisha mwanga kama kioo. Mbili kati ya nyuzi zake sita zilikuwa zimekatika. Kijana anayejua kupiga akafanya kile ambacho kila kijana wa hapa kwetu angefanya. Alinunua nyuzi za chuma sokoni, akafunga zote sita, akakaza mpaka sauti ikatoka.

Usiku wa tatu daraja liling'oka. Ni kile kibao kilichogundishwa juu ya tumbo la gitaa, ambako nyuzi zinafungwa. Mlio wake ulikuwa mkali kiasi kwamba waliolala karibu walifikiri ni risasi. Watoto waliamka wakilia, na mama mmoja alikuwa tayari ameshika mzigo wake mlangoni.

Tangu nilipotaja habari hii redioni, wasikilizaji wananiuliza kosa ni la nani. Wengine wanasema tumepewa gitaa bovu. Wengine wanamlaumu kijana. Yeye mwenyewe aliniambia, «Yaya, nililikaza tu kama yale mengine.» Alisema kweli, na shida ilikuwa hapo hapo. Kuna gitaa la waya na kuna gitaa la nailoni, na kila moja lina historia yake.

Tuanze na ya kwetu. Katika Kongo gitaa liliingia kwa bandari, mikononi mwa mabaharia na wafanyakazi waliotoka Afrika Magharibi, na katika Katanga likashika mizizi kwenye miji ya migodi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodi muziki, alimkuta Jadotville, ambayo leo ni Likasi, kijana aitwaye Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya. Mwenda aliimba kwa Kiswahili na kupiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, na bado ukimsikiliza unadhani kuna watu wawili. Wimbo wake «Masanga» ulivuka mipaka, na jina lake likajulikana mpaka Nairobi. Edouard Masengo na Losta Abelo walikuwa wa kizazi hicho hicho. Gitaa lao lilikuwa la nyuzi za chuma, na wazee wetu wengi walijifunza muziki kwa kusikiliza mlio huo.

Upande wa Kinshasa mambo hayakuwa tofauti. Franco Luambo, aliyezaliwa Sona Bata mwaka 1938, alianza na gitaa alilojitengenezea kwa kopo, nyuzi zake zikiwa waya za umeme zilizovuliwa ganda. Alilipiga sokoni, karibu na meza ya mama yake. Wengine walifumua kamba ya breki ya baiskeli na kutumia uzi mmoja mmoja wa ndani. Mpaka leo, mkono wa Mkongo ukitafuta uzi wa gitaa unatafuta waya. Siwezi kuuita ujinga, maana muziki uliochezwa Afrika nzima ulitoka kwenye waya hizo.

Sasa historia ya lile gitaa la zawadi. Umbo lake lilitulia Hispania katika karne ya 19, kwa kazi ya fundi Antonio de Torres wa Almería. Torres aliamini kwamba sauti ya gitaa inatoka kwenye ubao wa juu, ule wenye tundu, na kwamba ubao huo lazima uwe mwembamba na mwepesi. Ili kuwathibitishia watu, mwaka 1862 alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi ngumu iliyogundishwa, karibu sawa na katoni, na ubao wa juu peke yake ukawa wa mti wa maana. Watoto wetu wanaotengeneza gitaa kwa makopo na maboksi wangeelewana naye vizuri.

Nyuzi za wakati huo hazikuwa za nailoni. Zile tatu nyembamba zilikuwa za utumbo wa kondoo, uliosafishwa, ukasokotwa na kukaushwa. Zile tatu nene zilikuwa za hariri iliyozungushiwa waya mwembamba. Utumbo ulikuwa na sauti tamu, lakini ulisumbua: hewa ikiwa na unyevu unalegea au kuvimba, jasho la vidole linaula, na uzi wa kwanza unaweza kukatika mbele ya watu. Tena ulikuwa ghali.

Kisha ikaja vita ya pili ya dunia. Utumbo ule ule wa kondoo ndio madaktari walioutumia kushonea majeruhi, na hospitali za jeshi zilitangulia. Wapiga gitaa wakakosa nyuzi. Upande mwingine, kampuni ya DuPont ya Marekani, ambako mkemia Wallace Carothers na wenzake walipata nailoni mwaka 1935, ilikuwa imeitangaza kwa watu wote mwaka 1938, mwaka ule ule aliozaliwa Franco. Kwanza ilitengenezwa nywele za miswaki, baadaye soksi za wanawake. Vita ilipopamba moto, ikaenda kwenye miavuli ya askari wanaoruka kutoka ndegeni.

New York kulikuwa na fundi wa gitaa aliyetoka Denmark, Albert Augustine. Inasimuliwa kwamba alikuta nailoni katika duka la vitu vilivyobaki jeshini, akaijaribu kwenye gitaa. Mhispania Andrés Segovia, mpiga gitaa aliyekuwa na jina kuliko wote wakati huo, naye alikuwa anahangaika kutafuta nyuzi. Wakafanya kazi pamoja, mmoja anatengeneza, mwingine anapiga na kusema kilichopungua. Mwishoni mwa miaka ya 1940 nyuzi za Augustine zikaanza kuuzwa, na baada ya miaka michache utumbo ukawa karibu umesahauliwa. Kwa hiyo uzi ule ambao vijana wetu wanaucheka kuwa «mshipi wa samaki» ulipata nafasi yake kwa sababu vita ilimaliza uzi mwingine.

Nailoni ilikubalika kwa sababu inavuta kwa nguvu inayokaribiana na ya utumbo, hivyo gitaa la Torres halikuhitaji kubadilishwa. Nyuzi sita za nailoni zikikazwa sawasawa zinavuta daraja kwa takriban kilo 40, pungufu ya mfuko mmoja wa saruji. Nyuzi sita za chuma zinavuta kilo 70 na zaidi, karibu mfuko mmoja na nusu. Gitaa la chuma limejengwa kubeba hayo, na mara nyingi lina fimbo ya chuma ndani ya shingo. Gitaa la nailoni kwa kawaida halina fimbo hiyo, na daraja lake limeshikwa na gundi tu. Mfuko na nusu, usiku na mchana: siku tatu zilitosha.

Kulitambua ni rahisi. Tazama daraja. Uzi ukifungwa pale kwa fundo, ni gitaa la nailoni. Ukiwa na kipete kidogo cha chuma mwishoni, kinachozuiwa na pini au na tundu, ni la waya. Usibadilishane.

Papa mmoja seremala, naye mhamishwa wa vita, alirudisha daraja kwa gundi ya mbao, akalibana na kuliacha siku mbili nzima. Bila kubana, gundi haina maana. Kwa nyuzi nyembamba tulikwenda ufukweni. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika wana nailoni ya unene mbalimbali, na kwa uzi wa kwanza inatakiwa ya milimita 0.7 hivi, wa pili 0.8, wa tatu 1.0. Iwe nailoni ya uzi mmoja, siyo iliyosokotwa. Nyuzi tatu nene hazipatikani ufukweni, maana zinatengenezwa kwa nyuzinyuzi laini za nailoni zilizozungushiwa waya wa shaba uliopakwa fedha. Hizo zililetwa na msafiri kutoka Lubumbashi.

Kufunga kunataka utulivu. Toa uzi mmoja, weka mwingine, ndipo uende kwa unaofuata. Pitisha uzi kwenye tundu la daraja, uzungushe nyuma, uupitishe chini yake wenyewe. Nyuzi nene zinatosheka na mzunguko mmoja. Nyembamba zinateleza, kwa hiyo zisokote mara mbili au tatu, na ncha ya mwisho ibanwe nyuma ya daraja, siyo juu yake. Sisi tuliiacha juu, na uzi wa kwanza ukachomoka kama nyoka. Kichwani, pitisha uzi kwenye tundu la kifunguo, uuzungushe chini yake, kisha mizunguko miwili au mitatu inatosha.

Kutafuta sauti, toka uzi mnene kwenda mwembamba: mi, la, re, sol, si, mi. Chukua la kwenye kinanda cha kanisa au kwenye simu, ukaze uzi wa tano ulingane nayo. Bana uzi wa sita kwenye chumba cha tano, utoe sauti moja na uzi wa tano ulio wazi. Uzi wa tano ukibanwa chumba cha tano unakupa re, wa nne ukibanwa hapo hapo unakupa sol. Hapa wengi wanapotea: uzi wa tatu unabanwa chumba cha nne, siyo cha tano, ili kupata si. Kisha unarudi chumba cha tano kwa mi ya mwisho.

Na usikasirike gitaa likipotea baada ya dakika kumi. Nailoni mpya inanyooka kwa siku kadhaa. Vuta kila uzi polepole kwa vidole, kaza tena, liache usiku kucha likiwa limekazwa, asubuhi rudia. Usiliache juani wala karibu na moto wa kupikia.

Jumapili ya kwanza kijana wetu alisimama mara nne katikati ya misa kukaza si. Jumapili iliyofuata mara moja tu, na mamake mdogo akamwashiria kwa jicho aendelee. Uzi wa re ndio umeanza kuchakaa, kama kawaida yake, waya wake unafumuka pale vidole vinapobana. Mwenye uzi wa nne wa nailoni, hata uliotumika kidogo, auache kwa mlinzi wa redio. Mazoezi ni Jumatano na Ijumaa, saa kumi alasiri, pale pale mwembeni.